Kalenda ya picha zako: nyumbani, dijitali, ofseti au chapa kwa oda?

Kalenda huzaliwa ikiwa na tarehe ya kufa. Kitabu cha picha kisichouzika mwaka huu kinaweza kuuzika mwakani, lakini kalenda ya 2027 iliyobaki kwenye boksi katikati ya Januari 2027 itatoka kwa bei ya hasara tu, na ikifika Machi ni karatasi chakavu. Kwa hiyo anayetafuta njia ya kuchapa asianze na swali la nakala moja ni bei gani. Aanze na hili: ni nakala ngapi ana hakika zitakuwa zimenunuliwa kabla ya mwaka kuanza? Mengine yote yanafuata jibu hilo.

Njia ni nne. Unaweza kuchapa mwenyewe nyumbani kwa printa ya wino na kufunga kwa mkono. Unaweza kupeleka faili kwa mchapaji mwenye mashine ya dijitali, ile kubwa ya tona (wino wa unga) au ya wino wa kimiminika isiyohitaji pleti, yaani bamba lenye picha ya kuchapwa, akakutolea nakala 20, 50 au 200. Unaweza kwenda ofseti, ambako kila rangi hutengenezewa pleti yake na mashine ikishatulia hutema maelfu. Au unaweza kutumia chapa kwa oda: unapakia faili kwenye tovuti ya kampuni, mteja analipa, kampuni inachapa nakala hiyo moja na kumtumia, nawe unabaki na tofauti kati ya bei yao na bei uliyopanga.

Vigezo tutakavyotumia kuzipima ni sita: pesa inayotangulia na gharama ya kila nakala, hatari ya mabaki, ubora wa picha na rangi, karatasi na ufungaji, muda, na kazi inayobaki mikononi mwako baada ya kuchapa. Havina uzito sawa. Pesa na rangi ndivyo vinavyowaliza watu wengi, kwa hiyo tutakaa navyo zaidi.

Pesa inayotangulia na gharama ya nakala

Ofseti hula pesa kabla ya kutoa nakala ya kwanza. Kalenda ya rangi huhitaji pleti nne kwa kila upande wa shiti, yaani karatasi kubwa inayobeba kurasa kadhaa kabla ya kukatwa, na kalenda nzima inaweza kufikisha pleti kumi na kadhaa kulingana na ukubwa wa mashine. Ongeza mashiti yanayoharibiwa mwanzoni mpaka wino na maji vikae sawa. Gharama hiyo ni ileile uchape 100 au 3,000. Ikishalipwa, nakala ya nyongeza ni karatasi, wino na ufungaji tu, ndiyo maana bei hushuka kwa kasi idadi inapopanda.

Dijitali haina pleti. Nakala ya 1 na ya 80 hukaribiana bei, ukiacha punguzo dogo la wingi. Swali ni wapi ofseti inaanza kuwa nafuu kuliko dijitali, na hesabu yake ni nyepesi: chukua gharama ya maandalizi ya ofseti, ugawe kwa tofauti kati ya bei ya nakala kwa dijitali na bei ya nakala ya nyongeza kwa ofseti. Tuseme, kwa sarafu yoyote, maandalizi ni 2,000, dijitali ni 9 kwa nakala, na nakala ya nyongeza ya ofseti ni 2. Basi 2,000 ÷ 7 ni kama 286. Chini ya hapo dijitali inashinda, juu ya hapo ofseti inashinda. Ili upate tarakimu zako, mwombe mchapaji bei mbili za ofseti, ya nakala 300 na ya nakala 400. Tofauti yake ukiigawa kwa 100 ndiyo bei ya nakala ya nyongeza. Zidisha bei hiyo kwa 300, utoe kwenye bei ya kwanza, na kinachobaki ni maandalizi.

Sasa mtego wenyewe. Kwa tarakimu hizohizo, nakala 500 za ofseti ni 3,000, yaani 6 kwa moja. Inaonekana tamu kuliko 9 ya dijitali. Lakini ukiuza 200 tu, umelipa 15 kwa kila iliyouzwa, wakati nakala 200 za dijitali zingekugharimu 1,800 na zisingebaki. Gharama halisi ya nakala ni pesa yote uliyotoa, ukiigawa kwa nakala zilizouzwa, si zilizochapwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kalenda mali hiyo hupotea ndani ya wiki sita.

Chapa kwa oda haidai chochote mwanzoni zaidi ya nakala ya majaribio, ambayo ni lazima uinunue. Bei ya nakala ndiyo ya juu kuliko zote, kwa sababu kampuni inachapa, inafunga na kutuma moja moja. Kama wanakutoza 14 na soko lako halikubali zaidi ya 18, unabaki na 4. Duka likitaka theluthi ya bei ya rejareja, huna cha kumpa. Njia hii ni ya kumuuzia mnunuzi wa mwisho moja kwa moja. Kwa kuuza jumla madukani haifanyi kazi.

Nyumbani panaonekana pa bure kwa kuwa printa ipo tayari. Wino ndio unaodanganya. Idadi ya kurasa inayotangazwa kwa katriji hupimwa kwa kurasa za maandishi na michoro, si kwa picha zinazofunika karatasi nzima, kwa hiyo katriji itaisha mapema sana kuliko ulivyotegemea. Chapa kalenda moja kamili, pima wino uliotumika, hesabu na karatasi zilizoharibika, ndipo upange bei. Printa yenye matangi ya kujazwa wino wa chupa hubadilisha hesabu hii kwa kiasi kikubwa. Yenye katriji ndogo mara nyingi hufika bei ya dijitali au kuipita.

Hatari ya mabaki

Chapa kwa oda haina mabaki kabisa. Nyumbani unaweza kuchapa kumi, ukauza, ukachapa kumi nyingine. Dijitali inakaribia hapo: mchapaji anayeweka faili lako anaweza kurudia nakala 30 ndani ya siku chache, na mwenye busara huagiza kwa mafungu mawili, la pili likifuata mauzo ya la kwanza. Ofseti haina fungu la pili dogo. Kurudia uchapaji ni kulipa tena maandalizi ya mashine, hata kama pleti zimehifadhiwa.

Ukitaka ofseti bila kubahatisha, uza kabla ya kuchapa. Onyesha picha tatu au nne na jalada, pokea malipo au angalau majina, kisha agiza idadi iliyolipiwa pamoja na ziada kidogo. Ahadi za mdomo zipunguze kwa nusu kabla ya kuzihesabu. Watu huisifu kalenda kwa moyo safi, halafu hawainunui.

Picha na rangi

Kabla ya kulinganisha mashine, kuna jambo linalozihusu zote. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine za kuchapa hutumia wino: samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Zipo rangi ambazo mwanga unazifikia na wino hauzifikii. Buluu kali ya maji ya bahari, kijani cha jani linalopenywa na jua, na rangi ya chungwa ya machweo ndizo hufifia kwanza. Picha inayotegemea moja ya rangi hizo kwa uzuri wake wote si mgombea mzuri wa jalada.

Tatizo la pili ni giza. Malalamiko ya kawaida kuliko yote ni kwamba picha zimetoka nyeusi kuliko zilivyokuwa kwenye kompyuta, na mara nyingi kosa ni mwanga wa skrini uliopandishwa mno. Kwa kazi ya uchapaji skrini huwekwa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Usiye na kipimo, fungua ukurasa mweupe kwenye skrini, shika karatasi nyeupe kando yake mahali penye mwanga wa kutosha, na ushushe mwanga wa skrini mpaka viwili hivyo vikaribiane. Kisha hariri picha zako upya. Utashangaa ni ngapi zinahitaji kuangaziwa vivulini.

Ofseti ndiyo yenye picha nyororo kuliko nyingine za viwandani, hasa kwenye anga tupu na ngozi za watu, na nakala ya 50 hufanana na ya 2,000 mashine ikiongozwa na fundi makini. Lakini ina tabia moja ambayo mpiga picha lazima aijue. Kurasa kadhaa huchapwa pamoja kwenye shiti moja, na kiasi cha wino hurekebishwa kwa mistari inayofuata mwendo wa shiti mashineni. Picha yenye wekundu mwingi ikipangwa kwenye mstari mmoja na picha ya ukungu wa asubuhi, fundi akiongeza majenta kuiridhisha ya kwanza, ya pili nayo itapata uwaridi. Muulize mchapaji kurasa zipi zinakaa pamoja, na ikiwezekana hudhuria siku ya kuchapa uidhinishe shiti la kwanza kwa sahihi yako.

Dijitali ya siku hizi inatosha kwa wanunuzi wengi. Udhaifu wake huonekana mahali mahususi: michirizi hafifu kwenye anga la buluu lisilo na mawingu, tona inayong'aa juu ya karatasi isiyong'aa, na vivuli vizito vinavyogeuka weusi mtupu. Fungu la pili pia linaweza kutofautiana kidogo na la kwanza kwa kuwa mashine hupimwa upya kila mara. Acha nakala ya fungu la kwanza kwa mchapaji iwe kigezo. Mashine za wino wa kimiminika hukaribia ofseti zaidi kuliko za tona, hivyo inafaa kuuliza anayo ipi.

Printa nzuri ya picha ya nyumbani, yenye wino wa rangi sita au zaidi na karatasi inayoendana nayo, inaweza kutoa buluu na kijani ambavyo ofseti haivifikii. Hili wengi hawalitarajii. Kwa ubora wa picha peke yake, nakala ya nyumbani inaweza kuzishinda zote. Angalia aina ya wino, kwa kuwa wino wa chembechembe hustahimili mwanga wa dirisha muda mrefu kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa. Kwa kalenda ya miezi 12 wote hutosha, lakini mnunuzi anayetaka kukata picha na kuiweka kwenye fremu atauona utofauti.

Kwenye chapa kwa oda huongei na fundi. Kampuni nyingi hupokea picha za sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, na kuzibadilisha zenyewe, na kubwa miongoni mwao huchapa kwenye viwanda zaidi ya kimoja, kwa hiyo mteja mmoja anaweza kupata kalenda yenye rangi zinazoelekea wekundu zaidi kuliko ya mwenzake. Ubora si mbaya, ila wewe huna udhibiti nao. Chagua picha zenye tofauti ya wazi kati ya mwanga na kivuli. Zile zinazoishi kwa rangi moja laini ziache.

Kwa ofseti na dijitali, muulize mchapaji jina la profaili ya rangi anayotumia, yaani faili linaloeleza rangi zitatokaje kwenye mashine na karatasi yake. FOGRA39 na FOGRA51 ni za kawaida kwa karatasi laini iliyopakwa, ile ya majarida ya picha. Iweke kwenye programu yako, washa onyesho la uchapaji, na uhariri ukiwa unaona kitakachotoka. Maandishi madogo na tarehe ziwe za nyeusi peke yake, asilimia 100. Tarehe iliyotengenezwa kwa wino zote nne huonekana na kivuli cha rangi pembezoni, shiti likisogea hata sehemu ndogo ya milimita. Sehemu nyeusi za picha jumla ya wino, yaani asilimia za rangi zote nne zikijumlishwa, isizidi 300 hivi kwenye karatasi iliyopakwa, la sivyo hukauka polepole na kuchafua ukurasa unaoigusa.

Karatasi na ufungaji

Mnunuzi wa kalenda ataandika juu yake. Karatasi inayong'aa huipa picha uhai lakini kalamu huteleza na wino wake hupakika. Ofseti ndiyo yenye uhuru mkubwa zaidi hapa: karatasi yoyote mchapaji anayoweza kuipata, hata ya kung'aa upande wa picha na ya kuandikika upande wa tarehe. Dijitali huchapa kwenye karatasi zilizoidhinishwa kwa mashine hiyo, mara nyingi shiti la SRA3, milimita 320 kwa 450, kwa hiyo kalenda ya A3 ya kunjo la kati, ambayo ikifunguliwa ni A2, haiingii. Chapa kwa oda hukupa chaguo mbili au tatu basi. Nyumbani tafuta karatasi isiyong'aa ya kuchapika pande zote mbili. Ya picha ya kawaida huwa na upande mmoja tu unaopokea wino.

Ufungaji ni wa aina mbili kuu. Wa pini kwenye kunjo la kati ni rahisi na mwepesi, na idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Miezi 12 kwa kurasa mbili ni 24, jalada ni 4, jumla 28. Wa waya juu hutumia karatasi moja moja, kwa kawaida 13 pamoja na kadibodi nyuma, na hukaa bapa ukutani bila kubenuka. Kwa waya acha milimita 12 za juu bila kichwa cha mtu wala maandishi, maana matundu yatakula hapo. Kwa pini, kumbuka tundu la kuning'inizia: lipime lisije likatoboa jicho la mnyama kwenye picha ya mwezi wa sita. Hutokea.

Tona hupasuka kwenye kunjo na kuacha mstari mweupe, hasa pale picha nyeusi inapovuka kunjo la jalada. Mwambie mchapaji wa dijitali apige mfereji wa kunjo kabla ya kukunja, na uepuke kuweka rangi nzito hapo. Ofseti ina tatizo hilo kwa kiasi kidogo, kwenye karatasi nzito iliyokunjwa kinyume cha mwelekeo wa nyuzi. Nyumbani shida iko kwenye kutoboa na kukata. Mashine ndogo ya waya hutoboa karatasi nne au tano za gramu 200 kwa mita ya mraba kwa mkupuo. Ukizidisha, matundu hupinda na kalenda haifunuki.

Uzito nao ni pesa. A4 ni sehemu ya 1/16 ya mita ya mraba, kwa hiyo karatasi 14 za gramu 200 zina gramu 175 kabla ya waya na kifungashio. A3 ni mara mbili. Pima nakala ya majaribio kwenye mizani na uulize ada ya kutuma kwa daraja hilo la uzito kabla ya kuchagua karatasi. Gramu 20 zinaweza kukuvusha daraja.

Muda

Rudi nyuma kutoka tarehe ya kuuza. Zawadi za mwisho wa mwaka huanza kununuliwa Oktoba na Novemba, kwa hiyo kalenda iwe mkononi ifikapo mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Ofseti itengee wiki tatu au nne kuanzia faili kukamilika: sampuli ya rangi, pleti, kuchapa, kukauka, kukata, kufunga. Wachapaji hulemewa Novemba na Desemba, na kazi ndogo ndizo husukumwa nyuma. Dijitali ni siku chache hadi wiki moja, jambo linaloifanya iwe mwokozi wa waliochelewa.

Nyumbani hesabu dakika. Printa inayotumia dakika 3 kwa ukurasa wa A4 wa ubora wa juu itatumia karibu dakika 40 kwa picha 13 za kalenda moja, bado upande wa tarehe, kukata na kufunga. Nakala 30 ni saa 20 za printa kwa picha peke yake. Chapa kwa oda haikusubirishi wewe; inamsubirisha mteja, siku za kuchapa pamoja na za kusafirisha. Kampuni nyingi hutangaza siku ya mwisho ya kuagiza ili mzigo ufike kabla ya sikukuu. Iandike wazi kwenye tangazo lako.

Kazi inayobaki baada ya kuchapa

Kwa njia tatu za kwanza wewe ndiye ghala, mfungaji na mtumaji. Kila nakala inahitaji mfuko wa plastiki wa kuzuia unyevu, kadibodi ngumu kubwa kidogo kuliko kalenda, na bahasha isiyokunjika. Pembe zilizopondeka ni chanzo cha kawaida cha kurudishiwa mzigo. Faida yake ni kwamba unaweza kutia sahihi, kuuza mkono kwa mkono kwenye maonyesho, kuweka dukani, na kuwajua wateja wako kwa ajili ya mwaka unaofuata. Kwenye chapa kwa oda unaepuka kazi hiyo yote, lakini kampuni ndiyo inayomjua mnunuzi. Anayetaka kuuza kalenda kila mwaka asilichukulie hilo kwa wepesi.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ni 2480 kwa 3508. A3 ni 3508 kwa 4961. Kamera ya megapikseli 24 hutoa 6000 kwa 4000 na inatosha zote mbili. Simu ya megapikseli 12, 4032 kwa 3024, inatosha A4. Kwa A3 hubaki kama 244 kwa inchi, kiwango kinachokubalika kwa kitu kinachotazamwa kutoka hatua mbili, mradi picha haikukatwa sana. Picha ya kamera ni 3:2 na karatasi ya A ni kama 1.41:1, kwa hiyo sehemu ya picha itakatwa kwenye pande zake fupi. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa na gilotini, na weka maandishi angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukata.

Jedwali la tarehe huharibu kalenda nyingi kuliko picha. Mwaka 2027 unaanza Ijumaa. Wiki ikianzia Jumatatu, Februari inaingia barabara kwenye safu 4, lakini Mei na Agosti zinahitaji safu 6. Ikianzia Jumapili, safu 6 ni za Januari, Mei na Oktoba. Kiolezo chenye safu 5 kitadondosha siku, au kitazibana mbili kwenye kisanduku kimoja. Violezo vya herufi moja pia havifai Kiswahili: J, J, J, A, I, J, J haimsaidii mtu yeyote. Tumia Jtt, Jnn, Jtn, Alh, Ijm, Jms, Jpl. Sikukuu zinazotegemea kuandama kwa mwezi ziandikwe na alama ya kuonyesha kuwa zinaweza kusogea siku moja. Mtu mwingine asome tarehe zote 365 kwa kidole. Na kila mtu anayetambulika kwenye picha akupe ridhaa ya maandishi kabla ya sura yake kuuzwa.

Nani achukue ipi

Kama hujawahi kuuza kalenda na hujui nani atanunua, mashindano ni kati ya dijitali ya nakala 30 hadi 50 na chapa kwa oda. Wanunuzi wako wakiwa karibu nawe, dijitali itakuachia faida kubwa zaidi na utaijua karatasi kwa vidole vyako. Wakiwa wametawanyika nchi mbalimbali, ada za kutuma zitaimeza faida hiyo, na chapa kwa oda ndiyo yenye mantiki.

Kama una orodha iliyolipiwa ya nakala 400, au taasisi inayotaka kugawa kalenda kwa watu wake, ofseti ni yako, ilimradi faili liwe tayari Agosti. Hapo pia ndipo utakapoweza kulipa duka sehemu yake na bado ukabaki na kitu. Ukiwa kati ya 200 na 350, fanya ile hesabu ya kugawa kwa bei halisi kutoka kwa wachapaji wawili, kisha chagua njia yenye hasara ndogo zaidi ikiwa nusu tu itauzwa.

Anayeuza picha kama kazi ya sanaa, nakala 15 au 25 zenye namba na sahihi, kwa bei ya juu, atafanya vizuri nyumbani kwenye karatasi bora. Wanunuzi hao hulipia mkono wa mpiga picha, na hakuna kiwanda kitakachowapa. Asiye na subira ya kukata na kutoboa asijaribu, kwani karatasi moja iliyotobolewa kombo huharibu nakala nzima.

Na kama Desemba imeshaingia, ofseti imekupita. Piga simu kwa mchapaji wa dijitali leo, chukua ufungaji wa waya na karatasi aliyonayo dukani, agiza nakala chache kuliko unavyotamani, na uziuze mkono kwa mkono. Kwa oda za mbali tuma ujumbe wa wazi kwamba kalenda inaweza kufika Januari, ili anayeitaka kama zawadi ajue kabla ya kulipa.